Treni na mji wa tofali za LEGO kwa watu wa Kigoma na Tabora: maswali yanayoulizwa sana

Haya ni maswali yanayojirudia kila mtu mpya akiingia kwenye huu mchezo, na kwa kuwa wengi wanaouliza wako Kigoma, Ujiji, Urambo, Kaliua na Tabora mjini, majibu nimeyaelekeza kwenye reli yetu wenyewe. Kama jambo limeshaelezwa kwenye swali lingine nitakupa namba tu uende huko.

## Ya mwanzo kabisa

1. Si ndo midoli ya watoto hii?

Ni midoli ya watoto, na pia ni kazi ya watu wazima wenye rula, kalkuleta na daftari. Kampuni yenyewe ilianzishwa Billund, Denmark mwaka 1932, tofali ya kushikana tunayoijua leo ikapata hataza 1958, treni zikaanza 1966, na yule mtu mdogo wa kusimama karibu sentimita 4 akaja 1978. Yaani treni zimemtangulia mtu kwa miaka 12, na hii utaiona baadae kwenye vipimo, maana treni na mtu havilingani vizuri hata kidogo (swali la 7).

Mi nasema hivi kwa yeyote anayeanza: usijenge mji wa Ulaya ulioko kwenye picha ya boksi. Kuna maelfu ya watu wameshaujenga huo. Stesheni ya Kigoma, soko la Mwanga, miembe ya Ujiji, malori ya tumbaku Urambo, hivi asipovijenga mtu wa huku hamna atakayevijenga.

2. Tofali za kampuni tofauti zinaingiliana?

Nyingi zinaingiliana. Ile hataza ya 1958 imeshaisha muda wake kitambo, kwa hiyo kampuni nyingine zinatengeneza tofali za vipimo vilevile. Vipimo vyenyewe vishike kichwani maana kila kitu kinatoka hapo: kutoka katikati ya kinundu kimoja (kile kijitufe cha juu ya tofali) hadi kingine ni milimita 8, tofali ina kimo cha milimita 9.6, na pleti, ile tofali nyembamba, ni milimita 3.2, kwa hiyo pleti tatu zikipandana zinafika kimo cha tofali moja.

Shida ya tofali za bei rahisi ni kubana. Nyingine zinalegea, nyingine zinabana mpaka kucha inauma, na rangi ya boksi moja haifanani na ya boksi lingine. Ukutani hilo linavumilika. Ila reli, magurudumu na sumaku za kuunganishia mabehewa chukua za aina moja tu, usichanganye, maana hata tofauti ndogo sana kwenye kiungo cha reli inatosha kuangusha treni.

3. Huku kwetu napata wapi tofali?

Sehemu ya kwanza ni mitumba. Marobota ya midoli yanakuja na tofali zimechanganyikana na magari yaliyovunjika, na wauzaji wengi wanaziuza kwa fungu bila kuchambua, we uliza kwa upole kama unaweza kuchagua mwenyewe. Angalia juu ya kinundu, tofali halisi za LEGO zina jina limechongwa juu ya kila kinundu.

Sehemu ya pili ni Dar, Kariakoo kuna maduka ya midoli, ukiwa na ndugu pale anakununulia anakutumia kwa basi au kwa treni. Tatu ni kuagiza nje kwa mtandao, hapo piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujabonyeza chochote, maana mzigo mdogo unaweza ukakugharimu usafiri zaidi ya tofali zenyewe. Bora mjikusanye watu kadhaa mwagize pamoja.

4. Nianze na treni au na mji?

Anza na stesheni ndogo moja na reli fupi iliyonyooka mbele yake. Hapo unapata vyote viwili, treni imesimama, watu wanapanda, na hujanunua mota wala kona hata moja. Ukishaipenda ndo unaongeza.

5. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili, itakuwaje?

Vipande vidogo visimfikie kabisa, anaweza kukabwa navyo, na sumaku ndo usiziache hata kwa dakika moja. Yeye mpe DUPLO, zile tofali kubwa, ambazo kila upande ni mara mbili ya tofali ya kawaida. Na hizo hazipotei bure, tofali za kawaida zinakaa juu ya DUPLO vizuri, kwa hiyo akikua unazichukua unajengea matumbo ya milima na juu yake unafunika na tofali ndogo. Milima ya kuteremkia Kigoma kwa njia hiyo inakula tofali chache mno.

## Reli na nafasi

6. Chumba changu kidogo, duara ya reli inataka nafasi gani?

Kona za kawaida 16 zinafunga duara kamili. Nusu kipenyo chake ni vinundu 40 kutoka katikati ya njia, ukijumlisha na mataruma duara lote linafika vinundu 88, yaani sentimita 70 na kidogo. Meza ya sentimita 80 kwa 80 inatosha duara tupu. Kila reli iliyonyooka ni vinundu 16, sawa na sentimita 12.8, kwa hiyo ukiongeza nne kila upande urefu unaongezeka nusu mita hivi na unapata yai badala ya duara.

Kama huna meza wala nafasi ya kuiacha imesimama, usifunge duara. Njia ya kwenda na kurudi ukutani, mwisho mmoja Kigoma mwingine Tabora, ina maana zaidi kuliko treni inayozunguka bila kufika popote, na Kigoma ni mwisho wa reli kweli, mbele yake ni ziwa.

7. Reli hizi zinalingana na reli yetu ya kati?

Hapa ndo watu wanabishana mpaka usiku. Nafasi kati ya reli mbili za LEGO ni kama milimita 37.5. Reli ya zamani ya kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ni ya mita moja, milimita 1000. Ukigawanya unapata kipimo cha 1 kwa 27. SGR, reli mpya ya kisasa, ni milimita 1435, ukigawanya unapata 1 kwa 38. Alafu mtu mdogo wa LEGO ukimchukulia ni binadamu wa mita 1.7, yeye ni 1 kwa 42 hivi.

Kwa hiyo SGR na mtu wanakaribiana sana, lakini treni ya reli ya mita moja ukiijenga kwa kufuata reli itakuwa jitu, mtu wako ataonekana kama mtoto wa chekechea kasimama jukwaani. Ushauri wangu ni fuata mtu, usifuate reli. Jicho la mtazamaji linakwenda kwa watu na milango kwanza, hakuna atakayepima reli. Ukitaka reli ionekane nyembamba zaidi, funika pembeni ya mataruma kwa pleti za kahawia na kokoto za kijivu, zikibaki zinachungulia kidogo tu, jicho linadanganyika.

8. Nataka kujenga Tabora, pale njia zinapogawanyika. Inawezekana?

Inawezekana na kwa maoni yangu ndo kitu kizuri kuliko vyote unachoweza kujenga ukanda huu. Tabora ni njia panda: kutoka Dar treni inafika pale, njia moja inaendelea Kaliua hadi Kigoma, nyingine inapanda kaskazini hadi Mwanza, ile iliyokamilika 1928, na pale Kaliua tena inachepuka ya Mpanda. Mtu aliyesafiri anakumbuka ule muda mrefu wa kusimama Tabora mabehewa yanakatwa, kichwa kinaondoka kinarudi, mnagongwa kidogo, treni inaunganishwa upya. Huo mchezo wote unaweza kuucheza mezani.

Unahitaji pointi (kipande cha reli kinachogawa njia moja kuwa mbili) mbili kwa uchache, ya kushoto na ya kulia. Pointi ya kawaida ukiiweka na kona yake, njia ya pili inakaa sambamba na ya kwanza kwa vinundu 16 kutoka katikati hadi katikati. Sasa treni ya upana wa vinundu 8 inachukua vinne kila upande wa katikati ya njia, kwa hiyo kati ya treni mbili vinabaki vinundu 8, na jukwaa la vinundu 6 linakaa pale katikati likiacha kinundu kimoja kimoja cha kupumulia. Kama lilipangwa makusudi.

Weka njia ya tatu fupi isiyoendelea popote, ya kuegeshea mabehewa yanayosubiri. Andika vikaratasi vya Kigoma, Mwanza, Mpanda, changanya mabehewa, alafu yapange kwa mpangilio sahihi kwa kutumia kichwa kimoja tu. Watoto na watu wazima wanakaa hapo jioni nzima.

9. Treni inaweza kupanda mlima au daraja?

Inaweza, polepole. Ukipandisha pleti moja kwa kila reli moja iliyonyooka, huo ni mteremko wa asilimia 2.5 na treni inapanda bila kulalamika. Pleti mbili kwa reli, asilimia 5, inapanda ikiwa nyepesi. Tofali nzima kwa kila reli ni asilimia 7.5, hapo magurudumu yanazunguka treni haiendi.

Piga hesabu kwanza: ili treni moja ipite chini ya nyingine unataka kimo cha tofali 12 hivi, hizo ni pleti 36, kwa pleti moja moja unahitaji reli 36 na urefu wa mita 4.6 kupanda tu, bado kushuka. Ndo maana nashauri daraja la bapa, ushushe mto badala ya kupandisha reli. Inua meza nzima tofali tatu, acha pengo, pengo hilo likawa Malagarasi.

## Treni yenyewe

10. Behewa liwe na upana wa vinundu 6 au 8?

Seti nyingi za dukani ni 6. Zinakata kona vizuri na zinakula tofali chache, lakini ndani watu wawili hawakai sambamba wakaacha njia katikati. Ukitaka daraja la tatu lenye watu, magunia na kuku, jenga 8.

Kwa urefu usifuate vipimo halisi. Tuseme behewa la mita 18, kwa 1 kwa 42 linatoka sentimita 43, vinundu 53, na hilo kwenye kona ya kawaida katikati yake inaingia ndani mno na ncha zinatoka nje mno. Fupisha hadi 28 au 34, punguza idadi ya madirisha ila upana wa kila dirisha uache ulivyo. Linaonekana sawa kabisa.

11. Treni inagonga jukwaa au inatoka relini kwenye kona

Jukwaa lisikae kwenye kona. Kwenye njia iliyonyooka ukingo wa jukwaa uanze umbali wa vinundu vitano kutoka katikati ya njia kwa treni ya 8. Kabla ya kujenga chochote karibu na kona, chukua behewa lako refu kuliko yote, bandika penseli nje katikati na kwenye ncha, lisukume kwa mkono juu ya karatasi. Mstari uliochorwa ndo mpaka wako, hata mwembe usivuke.

Kama inatoka relini yenyewe, angalia viungo vya reli kwanza (vinaachia meza ikisukumwa), alafu magurudumu kama yana nywele au uzi umejiviringisha kwenye ekseli, hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mwisho uzito: behewa jepesi likiwa mbele ya mazito linavutwa linaruka kwenye kona, kwa hiyo mazito yakae karibu na kichwa.

12. Mota, betri, umeme ukikatika?

Umeme ukikatika haikuhusu. Treni za sasa, mfumo wa Powered Up uliotoka 2018, zinatumia betri 6 ndogo za AAA ndani ya treni yenyewe, na unaziongoza kwa rimoti au simu kwa blututhi. Kwa rimoti huhitaji simu wala bando. Zamani, kuanzia 1991, kulikuwa na reli za chuma zinazopitisha volti 9, hizo zinasifiwa sana na bei yake imepanda kwa sababu hazitengenezwi tena. Ukizikuta mtumbani usiache.

Betri za kuchaji zinafaa na kwa huku nazishauri sana. Kila moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, sita zinakupa 7.2 badala ya 9, treni inapungua mwendo kidogo na hiyo hata ni nzuri, treni ya reli ya kati haijawahi kukimbia hivyo. Ukiweka mpya na iliyotumika pamoja moja inaweza kuvuja na kula kisanduku, kwa hiyo zibadilishe zote sita kwa mpigo.

13. Bila mota kabisa?

Ndiyo. Sukuma kwa mkono. Mchezo wa swali la 8 hauhitaji mota hata kidogo.

14. Ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka inajengeka?

Inajengeka na kipimo chake kinakubali reli (swali la 7). Kazi iko kwenye pua. Usijenge kwa kupanda juu tofali juu ya tofali, utapata ngazi. Laza vipande, yaani tumia tofali zenye vinundu ubavuni, alafu bandika pleti na vipande vya mteremko kwa upande ili mstari wa pua uende laini. SGR ni ya umeme, kwa hiyo weka nguzo na waya juu. Uzi mweusi wa kushonea unatosha, usikazwe sana, unavuta nguzo.

## Mji

15. Stesheni ya Kigoma naanzia wapi?

Nenda kaiangalie. Kweli, nenda usimame mbele yake na daftari kabla hujanunua tofali hata moja. Ni jengo la Wajerumani, kubwa kuliko mji ulivyokuwa wakati linajengwa, ukuta mweupe na safu ya matao, na matao ndo roho yake. Ukikosea matao umejenga benki.

Chora tao moja na nafasi kati yake na linalofuata. Hicho ndo kipimo chako cha msingi. Tofali za tao zinakuja kwa upana tofauti, wa vinundu 4 na 6 zinapatikana kirahisi, chagua mmoja alafu jengo zima lifuate hilo. Idadi ya matao unaweza kuipunguza, ila uwiano wa tao kwa nguzo usiuguse. Ndani ya matao weka ukuta wa nyuma rangi nyeusi zaidi kidogo, kijivu hafifu au rangi ya mchanga, kivuli kinaonekana chenyewe hata taa ikizimwa.

Tofali nyeupe zinageuka njano juani, soma swali la 19 kabla hujaliweka dirishani. Na usilijenge jeupe tupu, chini karibu na ardhi weka safu moja ya rangi ya udongo, vumbi letu linapanda ukutani na jengo lisilo na vumbi halijakaa Kigoma.

Piga picha ukiwa na ruhusa. Ni eneo la reli na bandari liko jirani, ongea na wahusika kwanza.

16. Ziwa nalijengaje bila kumaliza tofali?

Karatasi ya bluu iliyoiva chini, juu yake nailoni nzito inayong'aa, pembeni ufukwe wa pleti za rangi ya mchanga. Ukiwa na tofali za kutosha, pleti za bluu chini na taili (vipande bapa visivyo na vinundu) zisizo na rangi juu. Karibu na ufukwe weka bluu hafifu, mbali iwe nyeusi ghafla, maana Tanganyika haina kina cha polepole sehemu nyingi, na penye kina kikubwa kuliko pote inazidi mita 1,400.

17. Soko, watu, dagaa, miembe?

Dagaa wa kuanikwa: taili ndogo za kijivu za kinundu kimoja zimwagwe ovyo juu ya pleti ya mchanga, zisipangwe. Dumu la mawese ni tofali moja ya njano ya duara na kifuniko chekundu. Asali ya Tabora ni kipande cha rangi ya chungwa kinachopitisha mwanga. Bodaboda tumia baiskeli au pikipiki ndogo za seti, mpandishe abiria na gunia, peke yake haionekani kweli.

Mwembe usiwe mti wa boksi wenye ncha. Shina nene fupi la kahawia, alafu kichwa kipana cha mviringo cha kijani kilichoiva, kivuli kifike nje ya mizizi, na chini yake benchi. Mti bila benchi na watu hauna kazi mjini kwetu.

18. Naweza kujenga Liemba ya kulingana na watu?

Meli halisi ina mita 71 hivi, kwa 1 kwa 42 unapata mita 1.7. Ni kitanda. Wengi wanajenga nusu, upande unaotazama gati tu na nyuma wazi, au wanaijenga ndogo kabisa ya sentimita 30 na kuiweka nyuma mbali kama iko ziwani.

Ila kuna wazo lingine ambalo nalipenda zaidi na sijui kwa nini halijengwi. Hii meli iliundwa Papenburg, Ujerumani mwaka 1913 kwa jina Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye maboksi, ikaletwa Dar kwa bahari na kutoka Dar kwa reli hii hii, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaitoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kama Liemba. Jenga basi ule wakati wa kuunganisha: mbavu za meli zimesimama ufukweni, mabehewa ya maboksi yanashushwa, watu wamebeba mabati. Inataka tofali chache kuliko meli nzima na treni yako inapata kazi ya kweli.

## Utunzaji na yale ya pembeni

19. Vumbi, jua, kuosha

Kiangazi cha Tabora vumbi jekundu linaingia hata kabatini. Brashi laini ya kupakia rangi kila wiki, usitumie kitambaa, kinakwaruza vipande vinavyopitisha mwanga. Kuosha ni maji vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni ya kawaida, anika kivulini kwenye taulo. Mota, kisanduku cha betri na vyenye stika visiingie majini. Jua la moja kwa moja ndo linageuza nyeupe na kijivu kuwa njano, pazia tu linasaidia sana.

20. Kukata, kupaka rangi, kuweka stika inaruhusiwa?

Tofali ni zako. Mi sikati wala sipaki, kwa sababu tofali iliyopakwa haitumiki tena mahali pengine na kinundu kinakosa kubana. Maandishi ya behewa na ubao wa jina la stesheni yachapishe steshenari kwenye karatasi ya stika, bandika juu ya taili, ukitaka kubadilisha unabandua.

21. Kuna programu ya kuchora kabla ya kununua?

Ipo, Studio ya BrickLink, ni bure, inafanya kazi kwenye kompyuta na inakuhesabia vipande. Kama huna kompyuta, karatasi ya hesabu yenye miraba inatosha, mraba mmoja kinundu kimoja, kwa ubavu kumbuka kimo ni pleti tano kwa upana wa vinundu viwili, zote ni milimita 16.

22. Nataka kuupeleka shuleni kuonyesha, nausafirishaje?

Tangu mwanzo jenga kwa vipande vya pleti za chini za vinundu 32, kila kimoja ni sentimita 25.6, na reli iingie na kutoka kila kipande mahali palepale. Hapo hata mwenzako wa Kaliua anaweza kujenga cha kwake akaja nacho mkaunganisha. Mabehewa yasafiri kivyake, yamelazwa ubavu ndani ya boksi lenye nguo. Nyumba ndefu zitenganishe kwenye paa. Kwa barabara ya vumbi beba mapajani, usiweke kwenye buti, na andika namba chini ya kila pleti kwa karatasi ya gundi ili mkifika msianze kukumbushana kipi kinafuata kipi.